Mbavu za Kula kwa Fizi

Siku daktari wa meno alipong'oa jino la mwisho kinywani mwa Mama Pasi, wanawe wawili walimrudisha nyumbani kama watu wanaotoka mazikoni. Mwanawe wa kiume, kifungua mimba, alimshika mkono wa kulia. Binti, kitinda mimba, alimshika wa kushoto. Naye katikati, pamba imemjaa mdomoni, hakuweza hata kuwaambia kwamba miguuni hakung'olewa kitu.

Jina la Mama Pasi alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msimamizi wa dobi ya hospitali, chumba kirefu chenye mapipa ya kuchemshia na pasi za mvuke zilizoning'inia kwa nyaya kutoka darini. Hakuwa mtu wa kupayuka. Akisema shuka hili lirudi majini, lilirudi, hata kama aliyelifua alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda kwake. Madaktari wakubwa walikuja kuomba makoti yao kwa sauti ya chini. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu mwaka wa sita, alipenda kuwaambia rafiki zake kwamba ameoa mwanamke aliyepigwa pasi, hana mkunjo hata wa dawa.

Alipostaafu alibaki kwenye nyumba yao ya vyumba vitatu, yenye uwanja mdogo nyuma na kamba mbili za kuanikia. Alinunua jiko la gesi lenye oveni, kitu alichokitamani tangu ujana, akalipangusa kila siku hata siku ambazo hakuliwasha.

Fizi zilipona. Meno ya bandia yakatengenezwa, mazuri kwa kuyatazama, meupe kama vigae vya bafuni. Lakini kila akiyavaa yalimbana upande mmoja, na akiongea yaligongana mpaka akajisikia kama mtu anayetafsiriwa. Daktari aliyakwangua mara tatu. Mara ya nne Mama Pasi aliyafunga kwenye leso, akayatia kabatini, akasema yakipata mtu wa kuyavaa yatamwita.

Hapo ndipo binti alipoleta blenda.

Binti alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa roho nzuri na mikono ya haraka. Kila Jumapili alikuja na mifuko, akapika chakula cha wiki nzima, akakisaga, akakigawa kwenye vikopo vya plastiki na kuviandika juu kwa kalamu ya wino mzito: Wali na kuku. Viazi na nyama. Samaki. Kisha akavipanga kwenye jokofu kwa mstari. Mama Pasi alikula kwa kijiko miezi mitatu. Vyote vilikuwa na rangi moja, rangi ya ukuta wa ofisi za serikali. Lakini rangi haikumuudhi sana, wala ladha. Kilichomuudhi ni kwamba hakuweza kujua anakula nini mpaka asome kwanza.

Mwanawe wa kiume alikuwa mkaguzi wa bima. Kazi yake ilikuwa kuyazunguka magari yaliyogongwa, akiwa na karatasi mkononi, na kuamua lipi litengenezwe na lipi lisipotezewe muda. Jumapili moja mchana alikuja pamoja na dadake, akakaa kwenye kochi la marehemu babake, akaanza kukohoakohoa.

"Mama, tumekaa tukazungumza."

"Mmekaa wapi?"

"Kwangu."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Mama, usianze." Alitazama dadake, dadake akatazama zulia. "Tumeona uhamie kwangu. Kile chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Hii nyumba tuipangishe. Hatulali, Mama, tunakufikiria uko hapa peke yako. Hata kula huwezi."

Mama Pasi alikuwa akimtazama usoni, akamwona anavyomzungukia kama gari lililogongwa, mbele, ubavuni, nyuma, na karatasi yake mkononi. Mengine yote angeweza kuyameza. Angeweza kumeza chumba cha nyuma, angeweza hata kumeza ile rangi. Ila yale maneno matatu ya mwisho yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Jumamosi ya wiki ijayo," alisema, "mje mle chakula cha mchana hapa. Saa saba."

"Sawa Mama, nitapika nije nacho," binti alidakia.

"Uje na mikono mitupu. Nitapika mwenyewe. Nitapika mbavu."

Mwanawe alicheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyochekea neno la mtoto. "Mbavu za nini?"

"Za ng'ombe."

"Zitaliwa na nani, Mama?"

"Na mimi. Nyinyi nimewakaribisha tu."

*

Muuza nyama wa mtaa ule aliitwa Msumeno, kwa sababu ya msumeno wake wa mifupa uliopiga kelele kuanzia alfajiri. Alimwona Mama Pasi mlangoni, akamwamkia, na kabla hajajibiwa mkono wake ulikuwa umeshaenda kwenye mashine ya kusagia.

"Nusu kilo kama kawaida, Mama? Binti yako alinifundisha, nisage mara mbili."

"Leo nataka mbavu."

Msumeno alimtazama mdomoni, akatazama kando haraka. "Mbavu zina kazi, Mama."

"Sikukuletea meno uyapime. Nimekuja kununua nyama."

Wateja wawili waliokuwa nyuma yake walijitia wanaangalia maini. Msumeno, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishusha ubavu mzima kutoka kwenye ndoano, akamwonyesha kwa kidole. Huku juu, alisema, nyama ni nyembamba na ngumu. Huku chini ina mafuta yamepita katikati, mafuta hayo yakiyeyuka yanailainisha. Akamkatia vipande vya mifupa minne minne. Mama Pasi alivipokea, akavinusa, akasema asante.

Mara ya kwanza alipika kama marehemu mumewe alivyokuwa akichoma: moto mkali, chumvi, pilipili, geuza, geuza. Marehemu alikuwa fundi wa moto mkali. Watu walikula mbavu zake kwa kuvutana nazo kama wanaogombania kamba, wakimsifu huku machozi yakiwatoka. Mama Pasi aliwasha oveni mpaka mwisho wa kitasa, na baada ya dakika hamsini akatoa kitu cheusi nje, chekundu ndani, kigumu kama soli.

Alimwita shoga yake wa nyumba ya pili, fundi cherehani mwenye meno yote thelathini na mawili, aliyezoea kukata uzi kwa meno badala ya kutafuta mkasi. Shoga akauma, akatafuna, akahamishia upande wa pili, akatafuna tena.

"Shoga," alisema mwishowe, akijishika taya, "hii ni mbavu au mkanda?"

Walicheka mpaka shoga akapaliwa. Lakini alipoondoka, Mama Pasi alikaa peke yake mezani, akachukua ubavu mmoja, akaufyonza. Aliufyonza saa nzima. Alipata chumvi na moshi, nyama haikutoka hata uzi. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, akafikiri huenda mwanawe amesema kweli, na wazo hilo likamkata maini. Akaenda kuziosha sufuria kwa hasira, maji ya moto yakiruka mpaka kifuani.

Ni pale kwenye maji ya moto alipokumbuka mashuka.

Kila msichana mgeni aliyeajiriwa dobi alifanya kosa lilelile. Akiletewa shuka la chumba cha upasuaji lenye damu, alilitumbukiza moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, akidhani moto mkali ndio usafi. Damu iliiva kwenye uzi, ikashika humo, na shuka likaharibika moja kwa moja. Mama Pasi aliwafundisha wote kwa maneno yaleyale: kitu kilichoshikana usikipige, usikitishe kwa moto. Kipe uvuguvugu na kipe muda, kitaachia chenyewe. Aliyasema hayo miaka thelathini na mmoja, na sasa amefika jikoni kwake anaitisha nyama kwa moto kama msichana wa siku ya kwanza.

Alhamisi alirudi kwa Msumeno.

Safari hii alisogeza meza ya jikoni mpaka karibu na oveni, upande wa dirisha, apate mwanga. Aligeuza mbavu, akaona upande wa ndani ule utando mweupe ulioshika mifupa kama ngozi ya ngoma. Aliuchokoa pembeni kwa mpini wa kijiko, ukamteleza. Akachukua kipande cha taulo kuukuu, akaushika nacho, akauvuta taratibu, ukatoka wote kwa mkupuo mmoja na sauti ya kuchanika kitambaa. Sauti hiyo ilimpendeza. Akapaka chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na tangawizi iliyosagwa, akaacha vikae. Kisha akakata vitunguu, akavitandaza kwenye trei, akalaza mbavu juu yake, akamimina siki kidogo na maji ya kikombe kimoja, akafunika yote kwa foili, akaibana kingo kote kwa vidole kama anavyobana pindo, mvuke usipate pa kutokea. Kitasa cha oveni akakizungusha kidogo tu. Halafu akaenda kukaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu, kukaa. Saa ya kwanza hakukuwa na harufu yoyote. Saa ya pili harufu ikaja, akainuka kwenda kuchungulia, akajikaripia, akarudi. Saa ya nne ilipotimia alifungua foili, mvuke ukampiga uso, akashika mfupa mmoja kwa kitambaa. Mfupa ulitoka peke yake, mweupe, safi, kama kisu kinavyotoka alani. Nyama ilibaki imelala palepale.

Alikula mbavu nne akiwa amesimama, mbele ya dirisha, kwa vidole. Aligundua kwamba fizi za nyuma zimekuwa ngumu kuliko alivyodhani, na kwamba ulimi ukisaidiana na kaakaa unafanya kazi kubwa ambayo meno huwa yanajisifia. Mafuta yalimtiririka mpaka kiwikoni. Hakujifuta.

Lakini alikuwa mtu wa haki, na alipomaliza alikubali kasoro. Nyama ilikuwa laini, ndiyo, ila ilikuwa ya kijivu na ilikuwa na ladha kama ya kuchemsha. Mgonjwa angeipenda, na yeye hakuwa akipika chakula cha wagonjwa. Mbavu lazima zionje moto. Kwa siku zilizobaki alikoroga mchuzi wa kupaka kwenye kisufuria kidogo: nyanya, sukari guru, siki, haradali, pilipili. Alionja, akaongeza, akamwaga, akaanza upya, mpaka Ijumaa jioni mchuzi ukawa mzito wa kung'ang'ania mgongo wa kijiko. Akatoa jiko la mkaa lililokaa stoo tangu mazishi ya mumewe, akalipiga mswaki wavu wake hadi chuma kikaonekana.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi mbavu ziliingia oveni. Saa nne na nusu, binti akaingia.

"Nimekuja mapema nikusaidie, Mama." Alikuwa na mfuko begani, na ndani ya mfuko vikopo viwili, Mama Pasi aliviona. Alikwenda uwanjani kuwasha mkaa wa kujaribia. Aliporudi baada ya dakika kama ishirini, alisikia oveni inanguruma. Alikitazama kitasa. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, Mama. Moto ulikuwa kidogo sana, isingeiva leo. Mtu atasubiri mpaka—"

Mama Pasi alirudisha kitasa mahali pake. Alifungua mlango wa oveni kuachia joto, akainua kona ya foili. Maji yalikuwa yamekaribia kukauka, na mbavu za pembeni zilikuwa zimeanza kujikunja. Aliongeza maji ya moto nusu kikombe, akabana foili upya, akafunga. Vidole vilimuungua, hakuviangalia.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile iliyorudisha mashuka majini, "toka jikoni kwangu."

"Mama, nilikuwa nataka kusaidia tu."

"Najua. Miezi mitatu unanisaidia. Umesaga kila kitu mpaka umeanza kunisaga na mimi. Hujaniuliza hata siku moja, Mama, unataka nini. Unafika, unazungusha. Sasa toka, ukae sebuleni, ukisikia harufu yoyote usije."

Binti alisimama pale kama mwanafunzi, mwalimu mzima mwenye darasa la watoto arobaini. Kisha akatoka. Mama Pasi alisikia kochi likilia alipokaa. Moyo ulimuuma, lakini hakumfuata.

Zile dakika ishirini za moto mkali zilikuwa zimezikakamaza mbavu, zikahitaji saa moja na nusu zaidi, na alizipa. Mwanawe alifika saa saba kamili, peke yake, mkewe akiwa zamu kazini. Alikuta meza imeandaliwa, glasi zimegeuzwa, na hakuna chakula.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," binti alijibu, bila kuinua macho.

Saa nane kasorobo alichungulia jikoni akakuta mamake ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, anaitazama oveni kama mtu anayesubiri basi analolijua. "Mama, kuna karatasi chache za kupitia. Tungeweza kuzipitia wakati tunasubiri."

"Baada ya kula."

"Ni sahihi mbili tu."

"Baada ya kula, baba."

Saa nane na nusu alizitoa. Zilikuwa tayari, hata zile za pembeni. Alizibeba trei nzima hadi uwanjani, akazilaza kwenye wavu juu ya mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, akazipaka mchuzi kwa brashi. Sukari ikaanza kuchemka na kunata, moshi ukapanda, ukavuka ukuta. Shoga wa nyumba ya pili alitoa kichwa dirishani akasema tu, "Eeh." Mama Pasi alipaka, akasubiri, akageuza kwa koleo mbili kwa uangalifu, maana nyama ilikuwa laini kiasi cha kutaka kuukimbia mfupa. Akapaka tena.

Ni wakati huo lango lilipogongwa. Aliingia mwanamume wa makamo, shati limechomekwa vizuri, na mwanawe wa Mama Pasi akatoka ndani mbiombio, uso umembadilika.

"Nilikwambia saa kumi," alimnong'oneza.

"Nilikuwa napita, nikaona niwahi." Mgeni alimwona Mama Pasi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Umefika wakati wa chakula."

"Mama, huyu ni mwenzangu wa ofisini," mwanawe alisema. "Hakai."

"Anakaa," alisema Mama Pasi. "Chukua kiti cha jikoni umpe."

Mgeni alikaa. Harufu ilikuwa imeshamshika, mtu yeyote angeona. Alitupa macho huku na huku, kwa uchangamfu wa mtu anayetaka kuwafurahisha wenyeji, kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi. "Naona jiko limepangwa upya. Siku ile meza ilikuwa ukuta ule wa pili. Hivi ni vizuri zaidi, mwanga unaingia."

Mama Pasi aliweka koleo chini.

"Siku ipi?"

Mgeni alimtazama mwenzake. Mwenzake aliangalia mkaa.

"Ile... ile Jumatano, mama. Tulikuja kuangalia vyumba. Nikaambiwa umekwenda kliniki."

Binti, aliyekuwa mlangoni na sahani mkononi, alimgeukia kakake. "Ulimwingiza mtu humu ndani? Mama hayupo?"

"Nina ufunguo," kakake alisema. "Ufunguo nilipewa."

Mama Pasi aliona yote kwa pamoja: mtu asiyemjua amesimama chumbani kwake, anapima kwa macho kabati lipi litatoka na lipi litabaki, kitanda chake kikiwa bado hakijatandikwa vizuri maana asubuhi ile alichelewa. Angeweza kuupindua wavu wote kwenye mkaa. Badala yake aliichukua ile brashi, akazipaka mbavu mara ya mwisho, taratibu, mfupa kwa mfupa, kwa sababu zilikuwa tayari na hazikuwa na kosa.

"Tule," alisema.

Waliingia, wakakaa. Alimpakulia mgeni kwanza, kisha binti, kisha mwanawe, kisha yeye. Mgeni, kwa aibu, alichukua kisu na uma. Kisu hakikupata kazi. Alipogusa tu, nyama ilianguka. Akaviweka kando, akatumia mikono. Kwa muda mrefu kilichosikika mezani ni mifupa ikigusa sahani.

Mama Pasi hakuwaangalia. Alichukua ubavu wake kwa mikono miwili, akauinua mdomoni mbele yao wote, akaubana kwa midomo na kuvuta. Nyama ikamjia nzima. Akaibana kwa fizi za nyuma, akaisukuma kwa ulimi, akaila bila haraka, mashavu yakicheza, mchuzi ukimshuka kidevuni. Alijua jinsi anavyoonekana. Alijua uso wa mtu asiye na meno unavyojikunja kama mfuko, na kwamba tangu meno yatoke alikuwa akiepuka kula mbele za watu. Leo walitazama mpaka wakachoka. Akameza, akauweka mfupa mweupe pembeni mwa sahani, akachukua wa pili. Akala wa pili, na wa tatu. Alipomaliza wa nne alijifuta kidevu, akamgeukia mwanawe.

"Ulisema siwezi nini?"

Mwanawe alikuwa na mifupa mitano mbele yake. "Mama, si hilo tu. Ni usalama, ni umri..."

"Nilikuuliza ulisema siwezi nini."

"Kula," alisema kwa sauti ya chini.

"Haya." Akaivuta bahasha ya zile karatasi za sahihi iliyokuwa kwenye kona ya meza, akaisukuma kwake bila kuifungua. "Nikisikia naumwa, nitasema. Nikihitaji chumba, nitaomba. Mpaka hapo, hii ni nyumba yangu na sihami. Si mwezi huu, si mwakani. Weka ufunguo mezani."

"Mama, tukipata dharura je?"

"Weka ufunguo."

Hakuuweka. Alisimama, akachukua bahasha, akasema watazungumza mama akitulia. Mgeni naye alisimama, akimwomba radhi Mama Pasi, akimshukuru, akiomba radhi tena. Mlangoni alimshika mwenzake bega. "Kaka, mimi nitatafuta kwingine," alisema, si kwa siri. "Hapa pana mwenyewe."

Gari liliondoka. Binti alibaki mezani, machozi yanadondoka kwenye sahani. Aliapa kwamba habari ya Jumatano hakuijua. Mama Pasi alimwamini, akamwambia hivyo, akamwongezea ubavu. Binti alikula huku akilia, akala wote.

"Umefanyaje ikawa hivi?" aliuliza alipoweza.

"Umeuliza," alisema Mama Pasi. "Lete kiti."

Akamweleza yote, utando, taulo, foili na muda, mpaka jua lilipohama dirishani.

*

Jumatatu asubuhi Mama Pasi alimwita fundi wa vitasa. Fundi alikagua mlango wa mbele akasema kitasa hiki bado kizima, mama, kina miaka kumi mbele yake. Mama Pasi akamwambia aking'oe tu. Funguo mpya zilikuwa tatu. Moja alimpa shoga, moja binti, baada ya kumwambia maneno mawili matatu ambayo binti aliyasikiliza akiwa amesimama wima. Ya tatu aliifunga kwenye pindo la gauni lake.

Mwanawe hakupiga simu wiki mbili. Wiki ya tatu, siku ya Jumapili, Mama Pasi alikuwa jikoni akichambua mchele aliposikia ufunguo ukihangaika mlangoni, ukitolewa, ukirudishwa, ukizungushwa kwa nguvu.

"Mama?" sauti ilisema nje. "Ufunguo umegoma."

"Ufunguo mzima," alijibu bila kuinuka. "Kitasa ndicho kipya."

Alisikia viatu vikisogea kwenye sakafu ya baraza ndogo, mbele, nyuma, kama mtu anayelizunguka gari.

"Sasa mimi nitaingiaje?"

"Kama watu wote wanavyoingia."

Aliendelea kuchambua, jiwe moja, jiwe la pili. Halafu akasikia vifundo vya vidole vikigonga mbao, mara tatu, si kwa nguvu, na sauti ya mtu mzima wa miaka arobaini na minne.

"Hodi."

"Subiri," alisema Mama Pasi. Alimaliza ungo wote, akanawa mkono mmoja, akanawa na wa pili, akajifuta vizuri mpaka katikati ya vidole, ndipo akaenda kufungua.